Fuata shamba, shule na daftari: kwa mnaoanza kuandika historia ya dini na serikali Katanga

Kila mwaka, wanafunzi wa historia wanapoombwa kuleta kichwa cha memwari, yaani kazi ya kumalizia chuo, hurudi vichwa vya namna moja: "Athari za dini katika serikali na jamii ya Kongo". Baada ya miezi miwili mwanafunzi amejaza kurasa arobaini juu ya Roma na Ulaya, na Katanga bado hajaifikia. Muda unamwishia, na ile sura ya mwisho, ambayo ndiyo ingekuwa yake hasa, anaiandika kwa juma moja kwa kunakili kazi za waliomtangulia. Ushauri huu ni kwako unayeanza, uwe Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, na hata ndugu zetu wa Bukavu na Goma watapata cha kuchukua.

Tunalosisitiza ni jambo moja. Dini huigusa serikali kupitia vitu vinavyoshikika: shamba lililopimwa, shule iliyolipiwa, daftari lenye majina, sheria yenye tarehe. Vitafute hivyo kwanza, mahubiri utayasoma baadaye. Mtu akikuambia "Kanisa lilikuwa na nguvu", bado hajakuambia kitu. Muulize nguvu hiyo ilipita mlango gani, mwaka gani, na Leta, yaani serikali, ilipata nini kwa kubadilishana.

Anza na karatasi moja

Kabla ya kukusanya vitabu ishirini, chukua hati moja uisome mpaka uielewe neno kwa neno. Kwa Kongo, hati nzuri ya kuanzia ni mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Dola Huru la Kongo na Makao Matakatifu ya Roma. Ni fupi, utaimaliza asubuhi moja. Gawa karatasi yako katikati kwa mstari. Upande wa kushoto andika kile serikali ilichotoa, upande wa kulia kile ilichodai.

Kushoto utaandika ardhi: kila kituo cha misioni kipewe bure, na kwa kudumu, hekta 100 za ardhi inayolimika, na zinaweza kuongezwa hadi 200. Usiipite namba hiyo haraka. Hekta 100 ni kilomita moja ya mraba, na uwanja wa mpira una kama sehemu saba za kumi za hekta. Kwa hiyo kituo kimoja kilipata eneo la viwanja vya mpira kama 140. Chora mraba huo kwenye ramani ya mahali unapopachunguza, halafu ujiulize ni vijiji gani vilikuwa ndani yake.

Kulia utaandika shule, tena shule yenye masharti. Ilipaswa kufundisha ukulima na kazi za mikono, programu yake ionyeshwe kwa gavana mkuu, na lugha za Ubelgiji ziwemo. Mkuu wa misioni alitakiwa kupeleka ripoti kwa gavana. Wamisionari nao wangeweza kuombwa kazi za kisayansi, kama kuchunguza nchi, watu na lugha zao, kwa malipo. Ukifika hapo utaona kwamba padri wa wakati huo alikuwa pia mpimaji, mwandishi wa ripoti na mkaguzi wa lugha, na kwamba hayo yamo kwenye mapatano yenyewe.

Sasa uliza kwa nini 1906. Mwaka uliotangulia, tume ya uchunguzi iliyoundwa na Leopold II mwenyewe, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki dola hiyo, ilikuwa imetoa ripoti juu ya maovu ya kuwalazimisha watu kuvuna utomvu wa mpira, na wamisionari wa Kiprotestanti, wengi wao Waingereza na Wamarekani, walikuwa miongoni mwa watu waliopaza sauti. Mfalme alihitaji wamisionari wa upande wake. Roma nayo ilihitaji ulinzi na mahali pa kujenga. Bila sababu hiyo, hati inabaki tarehe ya kukariri kwa mtihani.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika kwamba mapatano ya 1906 yaliufanya Ukatoliki kuwa dini ya taifa. Siyo. Hati ya Berlin ya 1885, katika kifungu cha 6, ilikuwa imeahidi uhuru wa dhamiri na ulinzi kwa wamisionari bila kubagua madhehebu, na ahadi hiyo haikufutwa. Waprotestanti waliruhusiwa kuhubiri. Hawakupata upendeleo uleule, basi. Kati ya kukatazwa na kunyimwa upendeleo pana nafasi kubwa, na historia nzuri ya somo hili inaandikwa ndani ya nafasi hiyo.

Shule ndiyo uti wa mgongo

Ukiwa na nguvu za kufuata kitu kimoja tu, fuata shule. Hakuna mahali pengine ambapo dini na serikali zimeshikana mikono, zikagombana, zikaachana na kurudiana mbele ya watu wote kama huko.

Katikati ya miaka ya 1920 serikali ya koloni ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misioni zilizoitwa "za kitaifa". Neno hilo ni mtego kwa msomaji wa leo. Kitaifa wakati ule maana yake ni za Wabelgiji, na kwa vitendo karibu zote zilikuwa za Wakatoliki. Kwa Katanga ilimaanisha hasa Wabenediktini wa Sint-Andries, waliofika 1910 wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, na Wasalesiani waliofika Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka uliofuata. Wamethodisti na misioni ya Garenganze, nao Waprotestanti, hawakuwa ndani ya fungu hilo. Mlango wa ruzuku ulifunguliwa kwa Waprotestanti kwa uamuzi wa 1946, wakati wizara ya makoloni ilipokuwa mikononi mwa mliberali, yaani mtu wa chama kisichokuwa cha Kanisa, Robert Godding.

Miaka hiyo ishirini inaeleza jambo litakalokusumbua kwenye nyaraka: barua za Waprotestanti zimejaa malalamiko juu ya serikali, za Wakatoliki zimetulia. Anayeanza husema Waprotestanti walipenda haki kuliko wengine. Huenda wapo waliopenda. Lakini chunguza kwanza nani alikuwa analipwa, maana anayepokea fungu kila mwaka huwa na sababu ya kuandika kwa upole. Ukimya wa chanzo nao ni habari, mradi ujue umenunuliwa na nini.

Kisha 1954 waziri Auguste Buisseret, mliberali mwingine, akafungua shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika, na ugomvi wa shule uliokuwa ukiendelea Ubelgiji ukavuka bahari. Vyuo vikuu vilifuata mgawanyiko huohuo: Lovanium ya Wakatoliki ilianza 1954 karibu na Léopoldville (Kinshasa ya leo), na chuo kikuu rasmi cha serikali kikafunguliwa Élisabethville 1956. Ukiwa mwanafunzi wa Lubumbashi, chuo unachosomea kimetokana na mvutano huo. Mwaka 1971 vyote, pamoja na cha Waprotestanti kilichoanza 1963 Kisangani, viliunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, na Lubumbashi ikarudi kusimama peke yake 1981.

Mwishoni mwa 1974 utawala wa Mobutu ulizichukua shule zote za makanisa. Somo la dini likaondolewa, mafundisho ya chama yakawekwa mahali pake. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia saini na makanisa mkataba wa kuwarudishia usimamizi, na shule hizo ndizo zinazoitwa hadi leo "konvansione". Unapoueleza mkataba huo, gawa tena karatasi yako katikati. Serikali: programu, ukaguzi, mshahara wa mwalimu. Kanisa: uendeshaji wa kila siku, kupendekeza na kusimamia wakuu wa shule, nidhamu, mafundisho ya dini. Shule ya namna hii ni ya umma, haikuuzwa kwa Kanisa. Ndiyo maana bure ya shule za msingi iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, ikisimama juu ya kifungu cha 43 cha Katiba, iliziingia shule hizi pia. Mwanafunzi asiyeelewa mkataba wa 1977 huandika kwamba 2019 serikali iliingilia mali ya Kanisa, na hapo kazi yake inaanguka.

Jihadhari na hesabu za shule ndani ya ripoti za misioni. Shule moja inaweza kuwa jengo la matofali lenye madarasa sita, na nyingine ni katekista mmoja chini ya paa la nyasi, anafundisha saa mbili kwa siku. Zote zimehesabiwa "shule". Usijumlishe kabla ya kutafuta idadi ya walimu na ya madarasa.

Madaftari mawili, mtoto mmoja

Hapa tunataka usogee karibu kabisa na karatasi. Daftari la ubatizo la parokia huwa na mistari yenye namba ya tendo, tarehe, jina la mtoto, baba na mama, msimamizi, na padri aliyebatiza. Ya zamani mara nyingi yako kwa Kilatini: *natus* ni amezaliwa, *patrinus* ni msimamizi wa kiume. Utajiri wenyewe uko pembeni. Sheria ya Kanisa inadai kipaimara na ndoa viandikwe pembeni mwa mstari wa ubatizo, hata kama vimefanyika mbali miaka ishirini baadaye. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukuonyesha mtoto aliyebatizwa kwenye kambi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na kuoa Jadotville (Likasi ya leo).

Sasa weka daftari hilo kando ya lile la hali ya raia, lililoko komini. Kuanzia 1972 utawala wa Mobutu ulikataza majina ya Kikristo, na mapadri wakatishiwa kifungo wakiyatoa. Kardinali Malula, aliyepinga, alilazimika kukaa Roma miezi kadhaa mwaka huo. Kwa mtoto aliyezaliwa baada ya hapo unaweza kukuta jina la mtakatifu kwenye kitabu cha parokia na majina ya ukoo peke yake kwenye kitabu cha komini. Mtoto ni mmoja, na kila mamlaka inadai kumtambua kwa namna yake. Ukikuta parokia ambako jina la mtakatifu linatoweka kweli baada ya 1972, hilo ni gunduo. Ukikuta ambako halitoweki, ni gunduo lingine. Yote mawili yanahesabika, na ndiyo sababu tunakutuma huko badala ya kukutuma kwenye hotuba za Kinshasa.

Namna ya kuhesabu: daftari lenye matendo 3,000 usilisome lote. Chukua tendo moja kila kumi, upate 300, na uandike katika memwari kwamba ndivyo ulivyofanya na ulianzia namba ipi. Tumia kalamu ya risasi, kamwe siyo wino. Usilowanishe kidole kwa mate kugeuza ukurasa. Kadi moja kwa tendo moja, ukubwa wa robo ya karatasi ya kawaida: juu jina la parokia, kitabu, ukurasa na namba, katikati maneno ya daftari kama yalivyo, chini, chini ya mstari, maneno yako. Anayechanganya hayo mawili hujikuta miezi mitatu baadaye hajui kama "alikimbia kazi" aliandika padri au aliandika yeye.

Barua ya kitivo iwe na muhuri, itaje miaka unayotaka na kusudi lako, na uipeleke kwa padri wa parokia mwenyewe kupitia sekretari wake, siyo siku ya Jumamosi ya harusi wala juma la Pasaka. Vitabu vya miaka ya karibuni vinahusu watu walio hai, ukikataliwa kubali. Usipige picha bila ruhusa. Na ukiona ubatizo, ndoa au kosa la familia unayoijua mjini, usilitoe nje ya kadi yako.

Kumbuka pia kwamba majina ya mahali yalibadilika. Élisabethville ikawa Lubumbashi na Jadotville ikawa Likasi 1966. Katanga iliitwa Shaba kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 hadi 1997. Watu wazima nao walibadilisha majina 1972, hivyo mwalimu unayemfuata tangu 1965 anaweza "kupotea" 1973 na mtu mgeni kabisa akatokea kwenye kiti chake. Kabla ya kuandika kwamba alifukuzwa, linganisha tarehe ya kuzaliwa na mahali alipozaliwa.

Waliokosa daftari: Kimbangu na Kitawala

Misioni iliandika watu wake. Wale waliofuata manabii wa Kiafrika waliandikwa na polisi, na hilo hubadilisha kila kitu katika namna ya kusoma.

Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa tisa alikuwa amekamatwa, na tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert I aligeuza adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na kifungo hicho alikitumikia hapa kwetu, Élisabethville, upande wa pili wa koloni, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 gerezani kwa kazi ya miezi isiyozidi sita. Kanisa lake lilitambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959, na tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayeandika juu ya dini na serikali bila kutaja mfungwa huyo amepita mbele ya mlango wazi.

Faili la polisi huwa na neno linalojirudia, "sekti". Lichukue kama neno la ofisi. Lilikuwa linaeleza uhusiano wa kundi na serikali, halikueleza imani yake. Kwa kila kundi andika majina matatu: serikali iliwaitaje, majirani waliwaitaje, wao wenyewe walijiitaje. Kitawala ni mfano usio na kifani. Mafundisho yalitoka kwa watu wa Watch Tower (waliojulikana baadaye kama Mashahidi wa Yehova), yakaingia Katanga katika miaka ya 1920 pamoja na wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Neno la Kiingereza *tower*, mnara, likavishwa kiambishi cha lugha zetu na kuwa Kitawala. Lakini sikio la msemaji wa Kiswahili halisikii mnara hapo. Linasikia kutawala. Wafuasi wakaitwa Watawala, katika nchi ambayo Mwafrika hakutawala kitu. Mkuu wa wilaya aliyejua Kiswahili hakuhitaji kusoma mafundisho yao ili aogope. Mwaka 1944 maasi yakalipuka upande wa Masisi na Lubutu, yakiongozwa na Bushiri, na yakazimwa kwa nguvu. Kwa wasomaji wa Goma, huko ni jirani kabisa.

Serikali ilitumia sana adhabu ya kuwahamisha wahubiri mbali na kwao bila kesi ya kawaida, "relegasi". Fuata ramani ya relegasi. Mara nyingi utaona kundi linazuka pale walipopelekwa wale waliofukuzwa kwingine. Serikali ilisambaza kwa fedha zake kile ilichotaka kukizima.

Kuhusu hesabu: Kanisa la Wakimbangu husema familia 37,000 zilihamishwa. Andika namba hiyo ukitaja nani anaisema, na weka kando yake utakachokipata katika nyaraka za utawala. Usichague moja kwa sababu inakupendeza. Vivyo hivyo kwa waliouawa uwanjani Élisabethville tarehe 9 Desemba 1941, wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière: idadi hutofautiana kati ya hati na hati, na tofauti yenyewe inafaa aya nzima.

Usisahau kwamba dini inaweza kuibadili jamii bila kuigusa ofisi yoyote. Harakati ya Jamaa, iliyoanza Ruwe karibu na Kolwezi mwaka 1953 kwa padri Mfransisko Placide Tempels, iliwakusanya wafanyakazi wa migodi na wake zao wakifikiri pamoja juu ya uzima, uzazi na mapendo. Haikudai kiti bungeni. Ilibadilisha namna mume alivyozungumza na mkewe kambini, na baadaye viongozi wa Kanisa wenyewe ndio walioiwekea mipaka. Serikali ikikosekana katika habari, usiilazimishe kuingia.

Kuwauliza wazee

Kabla ya kuchagua kipindi, hesabu umri. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1972 alizaliwa 1957. Anapatikana, na kumbukumbu yake ni nzuri. Aliyekuwa mtu mzima 1941 humpati tena. Kwa hiyo miaka ya Mobutu inafaa kwa mahojiano, ya kabla ya vita vikuu vya pili inabaki kwenye karatasi.

Mahojiano 12 mazuri yanatosha memwari. Kila moja lina kama saa moja na nusu, jumla saa 18, na saa moja ya sauti hula saa tano au sita za kuandika. Umejiwekea basi saa 90 hadi 108, karibu siku 50 ukifanya saa mbili kwa siku. Panga hivyo tangu mwanzo. Chaji simu usiku umeme ukiwepo, weka nakala ya sauti mahali pawili siku hiyohiyo, na mwanzoni mwa kila rekodi sema tarehe, mtaa na komini.

Nenda na mtu anayejulikana nyumbani hapo. Salimu, kaa, acha baba au mama akuulize wewe ni mtoto wa nani kabla hujatoa simu mfukoni. Muulize kwa Kiswahili cha mjini hapa, usimletee Kifaransa cha chuo. Na usimuulize "Kanisa lilisaidia serikali?" Atakujibu ndiyo au hapana kulingana na anavyokuona. Uliza vitu: "Karatasi ya kukuingiza shuleni nani aliitia saini?" "Ukioa mke wa pili, kambini walikufanya nini?" "Krismasi ya 1974, mlikwenda kazini?" Swali hilo la mwisho hufungua midomo, kwa sababu mwaka huo Mobutu aliifuta tarehe 25 Desemba katika sikukuu za taifa. Huyu atakuambia walifanya kazi mchana wakasali usiku, yule atakuambia jina la mkuu wa kazi aliyejifanya haoni wasiofika.

Mzee akianza kukushuhudia wokovu wake, usimkatize na wala usizime simu. Ndivyo anavyozipanga tarehe zake: "kabla sijabatizwa", "mwaka ule wa uamsho". Muulize tu uamsho ule ulikuwa kabla au baada ya yeye kuanza kazi mpya, au kabla ya mtoto gani kuzaliwa, mpaka uufikie mwaka.

Roma, Aksum na Mbanza Kongo: kurasa tatu, zisizidi

Mfano wa mbali una faida ukijibu swali lako. Usipolijibu, uache. Na ukiutumia, utumie sawasawa. Karibu kila memwari husema Konstantino aliufanya Ukristo kuwa dini ya dola 313. Mwaka huo Wakristo waliruhusiwa tu. Aliyeifanya imani hiyo kuwa ya dola ni Theodosius, 380. Miaka 67 ni umri wa mtu, na ndani yake dini iliyovumiliwa iligeuka dini inayolazimisha. Kama unachunguza Kongo kati ya 1885 na 1906, hapo una mlinganisho wa kweli.

Tunapenda zaidi mifano ya Afrika. Mfalme Ezana wa Aksum (Ethiopia ya leo), katika karne ya 4, aliondoa mwezi na duara kwenye sarafu zake akaweka msalaba: serikali ikatangaza imani yake ndani ya mfuko wa kila mfanyabiashara. Nzinga a Nkuwu, mfalme wa ufalme wa Kongo uliokuwa na makao yake Mbanza Kongo, alibatizwa 1491, na mwanawe Afonso, aliyeufanya Ukristo kuwa nguzo ya utawala wake, ndiye huyohuyo aliyemwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba biashara ya watumwa inammalizia watu. Mwaka 1706 Kimpa Vita, msichana aliyehubiri kuuinua tena ufalme huo, alichomwa moto kwa hukumu ya utawala uliojiita wa Kikristo. Imani ileile ilimpa mfalme kiti, ikampa kalamu ya kulalamika, ikampa msichana sauti, ikampa hakimu kuni.

Kwa Katanga yenyewe, anza na Bunkeya, makao ya mfalme M'siri. Frederick Stanley Arnot alipofika kwa M'siri mwaka 1886, mmisionari ndiye aliyekuwa mgeni anayeomba ruhusa, na mfalme ndiye aliyeamua akae wapi. Tarehe 20 Desemba 1891 M'siri aliuawa na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold II, na uhusiano huo ukapinduka. Ukisoma barua za misioni bila kuangalia tarehe hiyo, hutajua ni nani anamwogopa nani. Kwa upande wa Maniema na Uislamu, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, aliacha maelezo ya maisha yake kwa Kiswahili, na mtu huyo aliteuliwa na Leopold II kuwa gavana wa Stanley Falls (Kisangani ya leo) mwaka 1887. Ni aibu mwanafunzi msemaji wa Kiswahili kumsoma kwa tafsiri ya Kifaransa.

Miaka ya karibuni

Ukichagua kipindi baada ya 1990, vyanzo ni vingi na hasira bado ni mbichi. Askofu mkuu Monsengwo aliongoza Mkutano mkuu wa taifa. Maandamano ya Wakristo ya tarehe 16 Februari 1992 Kinshasa yalizimwa kwa risasi. Padri Malumalu, kisha mchungaji Ngoy Mulunda, kisha Malumalu tena, waliongoza tume ya uchaguzi. Maaskofu walisimamia mapatano ya tarehe 31 Desemba 2016 kati ya serikali na wapinzani. Katiba ya 2006 nayo, katika kifungu cha 1, inasema taifa halifungamani na dini. Usikimbilie kuandika kwamba Katiba imevunjwa. Tafuta kwanza sheria inayoyapa madhehebu nafasi ya kupendekeza mjumbe wa tume, na uone kila dhehebu lilisaini nini. Yakiingia makanisa ya uamsho, anzia na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ile ya mashirika yasiyotafuta faida, maana mengi yanaishi kwa karatasi za sheria hiyo, au yanazisubiri.

Na usiandike kama wakili wala kama mshitaki. Msomaji wako ana mama anayesali mahali fulani. Ukimwonyesha hati, tarehe na aliyelipa, atakufuata hata pale panapomuuma. Ukimtukania padri wake au ukimficha kosa la padri huyo, atafunga kazi yako ukurasa wa kumi.

Ukimaliza, toa nakala moja kwa parokia iliyokufungulia madaftari na moja kwa kila mzee anayeitaka, hata kama ni sura yake peke yake. Bandika kipande cha karatasi kwenye kurasa zinazomhusu na uandike namba zake kwenye jalada la ndani, kwa herufi kubwa. Mzee wa miaka 75 hawezi kupekua kurasa 120 akitafuta jina la kambi yake.